Fungate ya Sicilia kwa Mfuko wa Unguja



Tangu habari ienee kuwa mie na mume wangu tunajiandaa kwenda Sicilia, kule kisiwani kusini mwa Italia, napata maswali ya aina tatu. Wa kwanza wanauliza kwa nini Italia, na si Dubai au Istanbul kama wanavyokwenda wenzetu. Wa pili wanauliza pesa tumezitoa wapi. Wa tatu ni mabibi harusi watarajiwa, na swali lao ni fupi: "Dada, ulimwambiaje mumeo?"

Nitayajibu yote leo, na nitasema kweli kuwa hilo la tatu ndilo lililotuchukulia muda mrefu kuliko viza na tiketi.

KWA NINI SICILIA

Mume wangu ni dereva wa watalii. Kazi zake nyingi ziko Kiwengwa na Pwani Mchangani, ukanda ule ambao Wataliana wameuzoea mpaka watoto wa pale wakikuona mgeni wanakuamkia "Ciao" kabla ya "Jambo". Kitaliana hakukisoma skuli, kakiokota garini, siku moja neno, siku moja sentensi. Miaka yote hiyo anawapeleka watu kwenye mashamba ya viungo, Jozani, Kizimkazi na Mji Mkongwe, na kila wakiagana wanamwambia na yeye aende kwao. Yeye ni mwenyeji kila siku. Hajawahi kuwa mgeni wa mtu.

Mie nafundisha historia. Kwangu Sicilia haikuanza na picha za bahari. Waislamu walishuka Mazara mwaka 827, wakiongozwa na Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan, mwanachuoni aliyesoma kwa Imamu Malik mwenyewe. Palermo waliichukua mwaka 831, ikawa mji mkuu wao. Ibn Hawqal, msafiri aliyefika pale katika karne ya kumi, ameandika kuwa aliona misikiti zaidi ya 300. Wanormani walipouteka mji mwaka 1072 hawakufuta kila kitu. Wafalme wao waliendelea kuwatumia mafundi, makarani na wanavyuoni wa Kiislamu kwa muda mrefu. Baadaye mambo yaligeuka, na katika karne ya kumi na tatu Waislamu waliobaki wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa Lucera, bara. Kwa hiyo mtu akiniambia nakwenda nchi ya watu, namwambia nakwenda pia kuzuru makaburi ambayo hayana alama.

Na kuna jambo moja lililonishika zaidi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, aliandika kitabu chake kikubwa kule Palermo, kwa mfalme Roger II, akakimaliza mwaka 1154. Ndani ya kitabu hicho ameieleza pwani yetu ya Zanj. Amekitaja kisiwa kimoja ambacho wakaazi wake wengi ni Waislamu na ndizi ndio chakula chao, na jina la mji wake wapo wanahistoria wanaolisoma kuwa ni Unguja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ulikuwa tayari umesimama. Fikiria basi: sie tulikuwa tumeandikwa Palermo kabla ya Mreno yeyote kuijua njia ya huku. Nikamwambia mume wangu, "Twende tukaone walipotuandikia."

Fungate yetu ya mila tuliimaliza ndani, siku saba, kwa udi, asumini na maelekezo ya somo yangu. Hii naiita fungate ya pili kwa sababu itakuwa mara ya kwanza mie na yeye kuwa peke yetu bila ya mtu kugonga mlango.

FOMU YA MKOPO

Haya, sasa swali la mabibi harusi.

Miezi michache baada ya arusi mume wangu alirudi jioni moja na fomu ya mkopo wa benki. Alikuwa ameshaijaza nusu. Alisema, "Mke wangu, nimeoa, na sitaki siku moja useme nilikunyima." Nikamjibu, "Mume wangu, hujaninyima kitu. Lakini sitaki siku kumi za raha zilipwe kwa miaka mitatu ya riba."

Hakupiga kelele, wala mie sikupiga. Tuliingia kwenye ule ugomvi wa kistaarabu, wa mtu kuuliza "Chai ipo?" akajibiwa "Ipo," basi. Siku mbili nzima.

Siku ya tatu tulikwenda kula kwa mama mkwe wangu, Mwembetanga. Yeye hakujua habari ya fomu. Alijua habari ya Sicilia tu. Tulipokuwa tunanawa mikono akasema, kwa upole wake ule ule, "Wanangu, mna pesa ya kwenda kuangalia majumba ya wafalme, hamna pesa ya kwenda Makka? Mie nimeshakwenda, alhamdulillah. Nataka nyie mwende."

Niliumia, na niliumia kwa sababu maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Sie ni Shafi'i, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu Umra ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo. Tulikwenda kumuuliza shekhe wetu. Akatuambia kuwa mtu anaweza kuichelewesha akiwa na azma ya kweli, na kwamba safari ya halali ya mume na mke si dhambi. Kisha akauliza swali moja tu: "Na hiyo azma ya Umra, mmeipangia mwaka gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kimya, lakini safari hii ulikuwa kimya cha watu wawili wanaofikiri kitu kimoja.

Usiku ule ndio tulizungumza. Mume wangu alinieleza alichokuwa akikiogopa: watu wa Kiwengwa anaofanya nao kazi wote wanajua kaahidi Italia, na akishindwa watamcheka. Hilo sikulijua. Na mie nikamweleza asichokijua yeye, kwamba nimekulia katika nyumba iliyolipa deni la arusi ya dada yangu mpaka mtoto wake wa pili akazaliwa. Baba alikuwa akisikia hodi anatutuma watoto tukamwambie mtu hayupo. Ndiyo maana neno "mkopo" likitajwa mie tumbo linanikata.

Wanavyuoni wamesema safari imeitwa safari kwa sababu inafichua tabia za watu. Mie naongeza kuwa kuipanga tu kunatosha. Tulikuwa hatujafunga hata begi, na tulikuwa tumeshafahamiana kuliko katika siku saba za fungate.

TULICHOKUBALIANA

Tulichukua karatasi moja, tukaandika:

Kwanza, hakuna mkopo. Safari inasogezwa mbele mpaka pesa itimie.

Pili, siku kumi za Sicilia zinakuwa sita, na tukitoka Sicilia tunapitia Istanbul hadi Jeddah, tunafanya Umra, ndipo tunarudi nyumbani. Kwa hiyo aliyeahidi Italia ataiona Italia, na mama atatuona tunakwenda Makka.

Tatu, mshahara wangu ni wangu. Masrufu ya mke ni juu ya mume, na safari ya matembezi si katika masrufu ya wajibu. Nikichangia nachangia kwa ridhaa yangu, na tumeandika nimechangia kiasi gani ili isije kuwa maneno baadaye.

Hesabu zetu ni hizi, mkitaka kulinganisha. Tuliweka shilingi 400,000 kila mwezi kwa miezi 18, jumla 7,200,000. Zamu yangu ya upatu ilileta 3,000,000. Pesa za tunzo na zawadi za arusi ambazo hatukuzigusa zilikuwa 4,000,000. Jumla 14,200,000 kwa watu wawili, safari zote mbili. Hoteli zetu si za nyota tano, na mabasi tutapanda. Nani anatujua Catania?

MWEZI GANI

Mume wangu angependa masika, Aprili na Mei, kwa sababu hoteli nyingi za pwani zinafungwa na kazi zimelala. Lakini kwa miaka hii masika inaangukia karibu na Hija, na Saudia hufunga milango ya Umra kupisha mahujaji. Julai na Agosti ndio msimu wake wa kazi, na kule Sicilia jua ni kali na bei ziko juu. Tukachagua katikati ya Oktoba.

Oktoba ina faida nyengine ambayo vitabu vya watalii havitakwambia: sala. Sie tumezoea Maghribi isiyocheza mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Palermo mwezi wa Juni jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, na Isha ni baada ya saa nne, halafu Alfajiri inakuwahi hujashiba usingizi. Katikati ya Oktoba jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, sawasawa na nyumbani. Kibla lakini kinageuka. Sie Unguja tunaelekea kaskazini, kule utaelekea kusini-mashariki. Weka dira kwenye simu, ujaribu kabla hujaondoka.

Na kuna hesabu ya kupunguza sala. Kwa Shafi'i, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkaazi na anasali kamili. Tumegawa siku zetu usiku mbili Catania na usiku nne Palermo. Usiku nne zina siku tatu kamili katikati, kwa hiyo tutaendelea kupunguza na kujumuisha. Ndugu zetu Maibadhi wana utaratibu wao, kila mtu amuulize shekhe wake.

Wanawake wenzangu, na hili tusilionee haya: kabla ya kukata tiketi hesabu siku zako za hedhi. Tawafu inataka tohara. Ukijua siku zako huenda zikaangukia Makka, sogeza safari yote wiki moja mbele au nyuma. Ni rahisi kuisogeza ukiwa Darajani kuliko ukiwa umeshafika. Mie nilimwambia mume wangu wazi, akachukua kalenda, tukahesabu pamoja. Alikuwa na haya kuliko mie.

TUTAONA NINI

Tutashukia Catania, chini ya Etna, mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 3,000 ambao bado unafuka moshi. Wenyeji wana jina jengine la zamani, Mongibello. Nusu ya jina ni mlima kwa lugha yao, nusu ni "jabal" ya Kiarabu, hilo hilo jabali letu. Ukianza kusikiliza maneno utajiona huko mbali sana na nyumbani: zafarani wanaita zafferano, sukari ni zucchero, na zabibu moja ya kule inaitwa zibibbo. Asumini yetu kwao ni gelsomino, na pande za Trapani wanaitengeneza barafu ya kula yenye harufu ya asumini. Bibi harusi wa Unguja anaivaa kikuba, Mtaliana anaila kwa kijiko!

Kutoka Catania ni basi hadi Palermo, mwendo usiofika saa tatu. Pale nataka kuona Zisa, kasri iliyoanza kujengwa mwaka 1165. Jina lake linatokana na al-Aziza, na ndani yake leo kuna makumbusho ya sanaa ya Kiislamu. Nataka kupita mtaa wa Kalsa, uliokuwa al-Khalisa. Na nje ya kanisa kuu la mji, kwenye ukumbi wake wa kusini, kuna nguzo yenye aya ya Kurani, kutoka Suratul A'raf, ambayo imebaki pale mpaka leo. Majengo haya ya Kiarabu na Kinormani ya Palermo, pamoja na Cefalù na Monreale, UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake mwaka 2015. Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000, kwa hiyo tunakwenda kama dada mkubwa.

Mtaniuliza kuhusu kuingia makanisani, kwa sababu lile dari maarufu la mbao lenye maandishi ya Kiarabu liko ndani ya kanisa dogo la kasri ya Roger. Maulamaa wametofautiana. Wapo wanaoruhusu kuingia kwa kuangalia bila ya kushiriki ibada, na wapo wanaochukia kwa sababu ya picha na masanamu. Mume wangu ataingia, mie nitamsubiri nje na aje anisimulie. Kila mmoja amefuata lililomtuliza moyo, na hatukulifanya kuwa ugomvi.

Siku moja tutakwenda Mazara del Vallo, pale waliposhuka wale wa mwaka 827. Leo kuna Watunisia wengi, wavuvi na familia zao, na mitaa yake ya zamani ni vichochoro kama vya Kiponda. Na Palermo kwenyewe kuna msikiti mjini kati, Via del Celso, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Hapo tumepanga kusali Ijumaa.

Kwa mabibi harusi nina kisa kimoja. Ibn Jubayr, hujaji kutoka Andalusia, alipita Palermo mwishoni mwa mwaka 1184, wakati wa Krismasi. Ameandika kuwa aliwaona wanawake wa Kikristo wanatoka wamejisitiri kwa nguo na shungi kama wanawake wa Kiislamu, wamevaa dhahabu, wamejifukiza manukato na kupaka hina vidoleni. Wametawaliwa na wafalme wa Kikristo miaka mia na zaidi, na bado mtindo wa mji ulikuwa ni wa wanawake wetu. Siku ukiambiwa hijabu ni ya kizamani, kumbuka kuwa kuna mji wa Ulaya ulioiga pambo lako.

CHAKULA, NA MANENO MATATU

Hapa mume wangu ndiye mwalimu. Amenifundisha maneno matatu ya kuuliza mkahawani: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta ya nguruwe, vino ni mvinyo. Mnadhani hatari iko kwenye nyama tu? Iko kwenye vitamu. Zile kannoli mnazoziona kwenye simu, ganda lake kwa asili hukandwa na mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Mikate yao laini ya asubuhi nayo inaweza kuwa na strutto. Uliza kabla ya kutia mdomoni, na ukijibiwa kwa kusitasita, acha.

Vya kula haviishi. Samaki ni wengi, na Trapani wanapika kuskusi ya samaki. Palermo wanauza panelle, vipande vya unga wa dengu vya kukaanga ambavyo mla bajia yeyote wa Forodhani atavielewa bila ya mkalimani. Soko la Ballarò mume wangu kaambiwa na wageni wake kuwa ni Darajani tupu, wauza samaki wanapiga mayowe yale yale. Nyama tutakula kwa Watunisia, au hatutakula.

Mavazi: hakuna sheria ya nchi inayokataza hijabu. Anayevaa nikabu ajue kuna sheria ya usalama ya mwaka 1975 inayokataza kuficha uso hadharani pasipo sababu ya haki, na uwanja wa ndege utatakiwa kuonesha uso. Omba mapema akuangalie afisa mwanamke. Oktoba usiku kuna ubaridi, kwa hiyo chukua sweta la kuvaa chini ya abaya na viatu vya kutembelea mawe.

MAKARATASI

Viza ya Italia ni ya Schengen, na maombi yake yanashughulikiwa Dar es Salaam. Mara ya kwanza ni lazima uende mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole, basi weka nauli ya boti kwenye hesabu. Maombi hayapokelewi kabla ya miezi 6 ya safari, wala chini ya siku 15. Jibu la kawaida ni ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pasi iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Picha ya hijabu inakubaliwa, mradi uso wote uonekane.

Yanayobaki ni ushahidi kuwa utarudi: barua ya kazi, leseni ya biashara, taarifa za benki, cheti cha ndoa. Dada zangu, cheti cha ndoa! Wengi wetu tunakiacha kwa baba au kwenye sanduku la mama mkwe. Kidaini mapema, na hakikisha majina yanalingana na ya kwenye pasi.

Hoteli tumechukua zile zinazorudisha pesa, na tiketi ya kulipia hatukati mpaka viza itoke. Viza ya Umra tumemwachia wakala hapa mjini. Ihramu ya mume wangu itakuwa kwenye begi la mkononi, kwa sababu miqati tutaivuka tukiwa angani.

Na viza ya Italia ikikataliwa? Tumelizungumza na hilo. Tunakwenda Umra, tunarudi, tunampa mama mkono. Mume wangu alilisema hilo mwenyewe, tena mbele ya wenzake wa Kiwengwa, na wala hakuna aliyecheka.

KWA WEWE UNAYESUBIRI NIKAHI

Usimwulize mchumba wako atakupeleka wapi. Mbele ya watu wenu, muulizeni pesa ikipungua anafanya nini. Muulizeni ana deni gani, la nani, na anataka kumaliza lini. Na mwambieni wewe unaogopa nini, hata likiwa ni jambo dogo. Mie na wangu tuliyapata hayo baada ya ndoa, kwa bahati njema ya fomu moja iliyobaki nusu tupu. Nyie mna nafasi ya kuyapata kabla, wakati walii wako yupo na kahawa iko mezani.

Picha za fungate zitasahaulika. Deni halisahauliki, na mama wa mume hasahau pia.

Tunaondoka Oktoba, inshallah. Karatasi yetu ya makubaliano imo ndani ya faili pamoja na bima na cheti cha ndoa. Mama mkwe ameshaagiza Zamzam. Na kutoka Sicilia, kasema, tumletee lozi robo kilo, azipime kwenye halua yake aone kama zina lolote.

Mtuombee dua, na sie tutawaombea kule.